Maiki yako haina ubongo (jibu kwa anayerekodi sauti juu ya barabara)

Swali lako nimelifupisha kidogo, utanisamehe: "Mtaalamu shikamoo. Nilihamia mjini mwaka jana, napanga chumba kimoja ghorofa ya pili na chini yangu ni barabara kubwa. Natengeneza video fupi za maisha ya mjini, napiga mwenyewe alafu nasimulia kwa sauti yangu. Picha watu wanasifia ila kila video lazima atokee mtu aseme sauti inamchosha. Nikajichanga nikanunua maiki ya kondensa, mambo yakawa mabaya zaidi, hadi pikipiki ya mtaa wa pili inasikika. Nikajaribu apu ya kuondoa kelele nikawa kama naongea ndani ya ndoo. Nihame au ninunue maiki gani?"

Marahaba mdogo wangu. Usihame, na maiki usinunue nyingine, hiyo uliyonayo haina kosa lolote, kosa ni pale ulipoiweka. Najua hukutuambia umeiweka wapi lakini nabeti iko mezani pembeni ya kompyuta, imesimama kwenye kale kastendi kake kafupi kaliyokuja nayo kwenye boksi, na wewe umekaa umeegemea kiti. Najua sababu na mimi nilifanya hivyo hivyo.

Nilianza kazi hii ya kuediti sauti kwenye chumba cha ghorofani, chini kuna fundi wa kuchomelea mageti, na nilikuwa na maiki ya gharama kuliko kitanda nilicholalia. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa tangazo la dakika moja. Nikarekodi usiku, nikatuma kwa kujiamini kabisa, mteja akarudisha na swali moja tu: "hii umerekodia stendi?" Nilikasirika sana siku ile, sio sababu kanisema vibaya ila sababu mimi wakati narekodi naapa sikusikia kelele yoyote. Chumba kilikuwa kimetulia. Nikavaa hedifoni nikasikiliza tena nikakuta lori, mbwa, feni ya jirani, na mtu anaongea na simu huko chini hadi unaweza kufuatilia anachosema. Vyote hivyo vilikuwepo na masikio yangu hayakuniambia.

Hapo ndo pa kuanzia, kabla ya maiki, kabla ya apu, kabla ya chochote.

Mwaka 1953 kuna mwanasayansi wa Uingereza anaitwa Colin Cherry alichapisha majaribio yake kuhusu swali ambalo kila mtu anaishi nalo bila kuliwaza: inakuwaje ukiwa kwenye sherehe watu 30 wanaongea kwa pamoja bado unamsikia yule mmoja unayeongea naye? Aliwavisha watu hedifoni, sikio la kulia maneno haya, la kushoto maneno mengine, akawaambia wafuate upande mmoja tu. Waliweza, na ule upande mwingine walikuwa hawajui hata umesema nini. Maana yake ni kwamba kusikia sio kazi ya sikio peke yake, una masikio mawili yanayopima sauti imetokea upande gani, alafu ubongo unachagua wa kumsikiliza na wengine wote unawafungia nje. Ukiishi juu ya barabara miezi sita ubongo unaifuta barabara kabisa. Sasa maiki ni sikio moja lisilo na ubongo, inachukua kila kitu kwa usawa, na mtazamaji wako anayesikiliza kwenye spika moja ya simu hana namna ya kujua lori liko kushoto na wewe uko mbele, vyote vinamjia kutoka kitundu kimoja, kwaiyo ubongo wake unafanya kazi ya kutenganisha kwa nguvu dakika nzima. Ndo huko kuchoka wanakokusema. Hawakutukani, wanakuambia kweli kilichowapata.

Dawa ya kwanza haina gharama: usirekodi tena bila hedifoni za kufunika sikio zilizochomekwa kwenye hicho unachorekodia. Dakika mbili kabla ya kuanza kaa kimya, sikiliza chumba chako kupitia maiki, sio kupitia masikio yako. Utashangaa. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo niligundua taa ya mezani inalia. Taa!

Sasa umbali. Kama utasahau yote niliyoandika hapa baki na hili. Sauti inayotoka kwenye mdomo wako inatawanyika, na kila ukipunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki sauti yako inapanda kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Toka sentimita 40 uje 20, umepata 6. Toka 20 uje 10, umepata 6 nyingine. Jumla 12, yaani mawimbi ya sauti yako yanayofika kwenye maiki yamekua mara 4. Na kelele ya barabara je? Hiyo haijasogea, maana imeshaingia dirishani ikagonga kuta ikajaa chumba kizima, ukiisogeza maiki sentimita 30 kwake ni kama hujafanya kitu. Kwaiyo wewe umepanda 12 yeye kabaki palepale, alafu unashusha ile sehemu ya kuongeza nguvu ya maiki kwa desibeli 12 hizo hizo, sauti yako inarudi kuwa ya kawaida na barabara inazama chini na hizo 12 zote. Si rahisi apu ikupe desibeli 12 safi hivyo bila kukuharibia sauti. Nusu shibiri kutoka mdomoni, basi.

Kwa nini maiki mpya ilikuwa mbaya zaidi kuliko simu sasa? Kondensa ni nyepesi kusikia, imetengenezwa ikae kwenye chumba kilichotulia, na ukiiweka mbali unalazimika kuongeza nguvu, na unapoongeza nguvu unaalika mtaa mzima. Simu ilikuwa inakuficha kidogo sababu simu nyingi zina programu ndani ya kupunguza kelele zenyewe, hukuwa unajua tu. Watu watakuambia nunua ya dainamiki, hiyo haishiki kelele. Hapa nina neno. Maiki ya dainamiki haina uchawi wa kujua hii ni kelele na hii ni mtu, ukiziweka zote mbili umbali uleule na zinasikia kwa upande uleule, uwiano wa sauti yako na kelele unakuwa karibu sawa. Inachokifanya dainamiki ni kukulazimisha usogee, sababu ukikaa mbali nayo hausikiki kabisa. Yaani watu wananunua maiki ili iwafundishe umbali. Wewe umeshafundishwa bure.

Ukishasogea yatakuja mambo mawili. La kwanza, besi inapanda, ndo tabia ya maiki zinazosikia upande mmoja, ukikaribia sauti inakuwa nene kama ya mtangazaji. Wengine wanapenda, ila ikizidi ni tope, na dawa yake naisema huko mbele. La pili ni herufi P na B. Jaribu kusema "pikipiki zinapita barabarani" ukiwa karibu na maiki, utaona inavyopigwa na upepo wa mdomo. Usiongee ukiitazama uso kwa uso, iweke pembeni kidogo ya mdomo kama kwenye kona, ielekezwe mdomoni ila upepo upite kando. Kile kitambaa cha duara cha kuweka mbele kinasaidia pia lakini hiyo ya pembeni ndo inamaliza kazi.

Na mgongo wa maiki. Kondensa nyingi za kazi hii zinasikia mbele, nyuma ni viziwi kiasi. Watu wengi wanakaa wameangalia dirisha sababu ya mwanga, maiki inawaangalia wao, hapo mgongo wa maiki uko dirishani na ni vizuri, ila nyuma yako wewe kuna nini? Ukuta mtupu. Barabara inaingia dirishani, inapita juu ya maiki, inagonga ukuta ulio nyuma yako, inarudi na kuingia mbele ya maiki bila kikwazo. Kwaiyo mgongo wa maiki dirishani, na nyuma yako uwe na kitu laini, nguo zimetundikwa, godoro limesimamishwa, pazia zito. Chumba kimoja kina faida hapo, kitanda kipo, kabati lipo, vyote viko hatua mbili. Mimi nilirekodi mwaka mzima nimekaa sakafuni mgongo kwenye godoro na maiki ikiwa imefungwa kwenye mguu wa kiti kilichopinduliwa. Haipendezi, na sikuwahi kumwonyesha mteja.

Hapa lazima nikuzuie kitu maana najua kinakuja: usibandike trei za mayai ukutani. Wala zile sponji nyeusi ukitegemea zitazuia barabara. Sponji inameza sauti iliyo ndani ya chumba isirudi rudi, yaani inapunguza mwangwi, na hata hapo inameza zile za juu tu. Wimbi la sauti ya hezi 100 (yaani mitetemo 100 kwa sekunde), ambayo ndo ngurumo ya magari makubwa, lina urefu wa kama mita 3.4. Mita tatu na zaidi! Sponji ya sentimita tano kwa hilo ni kama nyavu kwa maji. Kinachozuia sauti ya nje ni uzito, ukuta wa matofali, kioo kinene, na kuziba mianya. Mianya ndo adui anayesahaulika. Dirisha au mlango ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hata hiyo asilimia 99 iliyobaki ingekuwa chuma, hauwezi kuzuia zaidi ya kama desibeli 20, sauti itapitia hapo hapo kama maji. Kwaiyo kabla ya kununua chochote nenda na tochi, pita kwenye fremu ya dirisha, chini ya mlango, ziba na mpira ule wa kubandika au hata taulo iliyokunjwa ukiwa unarekodi. Feni na kiyoyozi zima, friji kama iko humo chomoa kwa muda na weka funguo zako ndani ya friji, hautaondoka nyumbani bila kuirudisha. Huu ujanja ni wa zamani, watu wa filamu wanautumia, mimi niliupuuza mara moja nikaja kuta friji limeyeyuka lote.

Muda wa kurekodi nao una maneno yake. Chukua karatasi wiki moja uandike mtaa wako unapumua saa ngapi, sio kwa kukisia, kwa hedifoni. Wa kwangu ulikuwa unatulia saa tisa usiku mpaka saa kumi na moja kasoro, na kitu cha ajabu kulikuwa na dirisha lingine dogo la mchana, kama dakika 40, mafundi wamekwenda kula na magari yamepungua. Hilo la mchana ndo lilikuja kunifaa. Usiku una mitego, mmoja ni kwamba hewa ya chini ikipoa na ya juu ikabaki na joto, sauti za mbali zinapindishwa kurudi chini badala ya kupotelea juu, ndo maana usiku unasikia treni ambayo mchana haipo. Mtego mwingine ni wewe mwenyewe, usiku unaogopa kuwaamsha watu unaanza kunong'ona, na sauti ya kunong'ona ni ndogo, inabidi uongeze nguvu ya maiki, umerudi kulekule.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, na nadhani hiki ndo kinakusumbua kuliko kelele yenyewe. Nimesikiliza vijana wengi wanaorekodi mjini na wote wana tabia moja, wanapiga kelele bila kujua. Daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, aliliandika jambo hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele sauti yake inapanda yenyewe, hajaamua, na sio tu kwamba inakuwa kubwa, inapanda juu kwa tuni na maneno yanavutwa. Ndo mana mtu mwenye hedifoni masikioni anakujibu kwa kufoka. Sasa wewe unasimulia jambo la taratibu, labda mzee anayefungua duka asubuhi, na sauti yako ni ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya barabara. Mtazamaji yuko kitandani kwake kimya. Kwake kelele uliyokuwa unashindana nayo umeifuta na apu, imebaki ile sauti ya kushindana. Anachoka na hajui kwa nini.

Cha kufanya, kaa na hedifoni usikie sauti yako ya moja kwa moja kwa kiasi kikubwa kidogo, ukijisikia vizuri sauti inashuka yenyewe. Na chagua mtu mmoja unayemfahamu, mweke kichwani amekaa mbele yako umbali wa meza, ongea naye huyo. Najua linasikika kama ushauri wa mtandaoni wa kila siku lakini sauti inabadilika kweli.

Tuje kwenye apu na ile ndoo. Njia ya zamani ya kuondoa kelele kwenye kompyuta, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1970, inafanya hivi: unaionyesha sekunde chache za kelele tupu, inajifunza sura yake kwenye kila frikwensi, alafu inaitoa kwenye rekodi nzima. Kelele ikiwa ya kutulia, feni, friji, mvumo wa umeme wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi uliyopo, inafanya kazi nzuri sana. Ila pikipiki haitulii. Inakuja, inapanda, inashuka, inapita palepale sauti yako ilipo, na apu ikiitoa inatoa na nyama ya sauti yako. Yale mabaki yanayolia kama ndege wa bati ni njia hii ikizidishwa. Apu mpya zinazotumia akili mnemba ni nzuri zaidi, sitaki kukudanganya, na mimi natumia, lakini nazo zikipewa rekodi mbovu zinaanza kubunia, S zinayeyuka, mwisho wa maneno unaliwa, na Kiswahili silabi ya mwisho ndo imebeba mambo, ukila ya mwisho hujui kama mtu kasema "nimepika" au "nimepiga".

Kwaiyo mpangilio wangu ni huu. Kwanza filta ya kukata besi. Sauti ya mwanaume kwenye maongezi ya kawaida inaanzia kama hezi 85, ya mwanamke kama 165, chini ya hapo hakuna chako, kuna malori na mtikisiko wa meza. Kata chini ya 80 kama ni mwanaume, mwanamke nenda hata 120, na ule unene wa kukaa karibu na maiki niliousema utapungua pia. Hii peke yake inapunguza ngurumo ya chini ya barabara na sauti yako haiigusi sana. Pili, apu ya kelele kidogo, desibeli 6, isizidi 8, kelele ikibaki kidogo iache ibaki. Tatu EQ ukitaka, yaani kupandisha au kushusha besi, sauti za kati na za juu. Mwisho kabisa kompresa. Watu wanaanza na kompresa alafu wanashangaa, kompresa inapandisha vitu vidogo vilingane na vikubwa, na kitu kidogo kuliko vyote kwenye rekodi yako ni kelele. Umeipandisha wewe mwenyewe.

Na kwenye simu au programu ya kurekodi tafuta ile sehemu inayorekebisha nguvu ya sauti yenyewe, uizime. Hiyo ukinyamaza sekunde mbili inafikiri umeenda mbali, inaongeza, barabara inapanda vuuu, ukianza kuongea inashuka. Hiyo kupanda kushuka inachosha kuliko kelele yenyewe. Weka kwa mkono, vilele vya sauti vicheze kwenye desibeli -12, rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24 kama kifaa kinaruhusu, simu weka hali ya ndege. Ukimaliza kila kitu usihangaike kushindana kwa ukubwa wa sauti, YouTube kwa mfano video ikizidi kama -14 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti ya video nzima) inashushwa tu, ila ikiwa chini haipandishwi, kwaiyo lenga hapo hapo.

Halafu kuna jambo ambalo lingenisaidia sana ningeambiwa mapema. Sikio la binadamu halichukii kelele, linachukia kelele inayokatika. Ukikata sentensi hapa na pale, kati yake ukaacha ukimya mtupu wa kompyuta, msikilizaji anasikia chumba kinawaka kinazima kinawaka kinazima. Kila ukikaa kurekodi, kabla hujasema neno, rekodi sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, wewe ukiwa umekaa hapo hapo. Ukiwa unaediti ilaze hiyo chini ya video nzima, ijaze mashimo yote. Kelele itakuwepo, ya kutulia, na baada ya muda mfupi ubongo wa mtazamaji utafanya kile ubongo wako unachofanya kwa barabara yako, utaifuta.

Na hapa ndo nakurudisha kwenye kazi yako yenyewe. Wewe unatengeneza video za maisha ya mjini. Za mjini! Alafu unatumia nguvu zote kuufuta mji usisikike. Mimi naona shida sio kwamba mji unasikika, shida unasikika usipoutaka na haupo unapoutaka. Nimeshatazama video nyingi za aina hii ambazo picha inaonyesha soko limejaa na sauti ni gitaa la kupakua mtandaoni na mtu anaongea juu yake, soko lenyewe bubu.

Rekodi vitu viwili tofauti. Sauti yako, chumbani, karibu, kavu kabisa. Na mji, nje, peke yake, wewe hausemi kitu. Simu inatosha kwa hili, weka soksi nyepesi kwenye kitundu cha maiki kwa ajili ya upepo, simama sehemu moja dakika nzima bila kuhamisha miguu wala kushika shika simu. Dakika nzima ni ndefu, utaona aibu, watu watakuangalia, kaa tu. Pierre Schaeffer kule Paris mwaka 1948 alikwenda stesheni akarekodi vichwa vya treni, akavikatakata akavifanya muziki, na miaka ile mashine ya kurekodia unaisogeza kwa gari, sasa wewe na simu ya mfukoni usinambie huwezi.

Cha kutafuta huko nje, mimi nafuata mgawanyo wa Mkanada mmoja, R. Murray Schafer, mwanamuziki ambaye miaka ya 1970 na wenzake walizunguka na mashine wakirekodi sauti za Vancouver. Alikuwa anasema mahali pana sauti ya chini ambayo wenyeji hawaisikii tena, kama mvumo wa magari. Pana sauti za ishara zinazokushtua ugeuke, honi, kengele, mtu anaita. Na pana sauti ambayo ni ya pale tu, mtu wa mtaa huo akiisikia popote anajua ni kwao. Ukiwa na moja ya kila aina una mtaa mzima kwenye klipu tatu. Ya chini ilaze muda wote kama desibeli 18 hadi 20 chini ya sauti yako, za ishara ziweke kwenye mapengo unapopumua na usiziweke juu ya maneno, na ile ya tatu itunze, itumie mara moja tu, wakati umenyamaza. Hapo kunyamaza ndo kugumu, vijana mnajaza kila sekunde na maneno.

Tahadhari mbili za haraka. Muziki unaopigwa na spika za mtaani ukiingia kwenye rekodi mitambo ya kutambua nyimbo inaukamata hata ukiwa kwa mbali, sauti ya video inaweza kuzimwa au mapato yakaenda kwa mwenye wimbo, kwaiyo sogea hadi usisikike au subiri uishe. Na maongezi ya watu, kama maneno yanaeleweka na mtu hajui unamrekodi, usitumie. Yule mtu wa simu kwenye tangazo langu la kwanza alikuwa anamwomba mwenzake deni. Mpaka leo nashukuru mteja aliirudisha.

Kuhama umeuliza. Nilihama mara mbili kwa ajili ya sauti. Ya kwanza nilienda pembeni ya mji kulikotulia, nikakuta mbwa watano na vyura, alafu kazi zikapungua maana nilikuwa mbali na watu na kila kikao saa mbili njiani. Nikarudi katikati. Chumba cha sasa kina barabara pia, nimekizoea, godoro bado linasimama.

Anza na wiki hii moja: nusu shibiri, hedifoni, sekunde 30 za ukimya, filta ya besi. Video ileile ya mwisho uliyolalamikiwa irudie kusimulia hivyo, uzisikilize zote mbili kwenye spika ya simu, sio kwenye hedifoni, maana watu wako wanasikilizia huko. Ukiona bado kuna kitu nitumie faili ghafi, yaani kabla ya apu yoyote, na picha ya mahali maiki ilipo. Picha ndo inanisaidia zaidi kuliko faili.

Yule fundi wa mageti wa chini yangu nimemkumbuka nikiandika haya, nilimchukia kama miaka miwili. Siku moja nikashuka na simu nikamwomba nirekodi, akacheka, akaniwashia mashine ya kusaga chuma makusudi, kisha akaizima na kugonga nyundo mara nne kunijaribia. Alihama mwaka uliofuata. Nina sekunde 40 zake kwenye faili, na nikipata kazi yoyote inayotaka asubuhi ya mjini huwa naanza na zile nyundo nne.